Siri Ifichwe kwa Umma, Isifichwe kwa Jaji

Wiki mbili zilizopita tulikuwa na mdahalo darasani. Mada ilikuwa hii: nchi ikiwa vitani, serikali iruhusiwe kumshikilia mtu kwa siri? Mimi nilipangwa upande wa wanaopinga. Nikajiandaa, nikasimama, nikamaliza dakika zangu saba bila kukwama. Nilipokaa, kaka mmoja wa upande wa pili akanyanyuka akaniuliza swali moja tu: "Dada, siku bomu likilipuka Kariakoo, utaenda kuwasomea marehemu Ibara ya 13 ya Katiba?"

Darasa likaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Lakini nilirudi hosteli na lile swali kichwani, maana si swali la kipuuzi, na pale pale sikuwa na jibu la kueleweka. Leo ninalo. Nalitoa hapa kwa sababu naamini sisi vijana wa chama tunalihitaji kuliko hata wenzangu wa darasani.

Tukubaliane kwanza: bomu si hadithi

Tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi, ubalozi wa Marekani hapa Dar es Salaam ulilipuliwa kwa lori lililojaa milipuko. Karibu wakati huo huo ubalozi wa Nairobi nao ulilipuliwa. Hapa kwetu walikufa watu 11, Nairobi 213. Mimi sikuwa nimezaliwa. Mama yangu mkubwa alikuwa anafanya kazi za ndani Oysterbay, na hadi leo anasimulia jinsi vioo vya nyumba ya bosi wake vilivyomwagika sakafuni yeye akiwa anapiga deki. Alidhani transfoma imelipuka.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba wanafunzi wa sheria tunaishi mawinguni. Najua kuna watu wanaopanga kuua. Najua pia kwamba huwezi kupambana nao kwa kutangaza kila kitu redioni. Jina la mtoa taarifa lazima lifichwe, vinginevyo kesho anaokotwa mtaroni. Simu inayosikilizwa haitajwi. Mpango wa operesheni haubandikwi ubaoni. Serikali yoyote, hata ya chama chetu siku tukiipata, itakuwa na siri. Na iwe nazo.

Swali langu ni jingine. Siri hiyo inafichwa kwa nani? Kwa adui? Sawa. Kwa mimi na wewe? Mara nyingine sawa. Kwa jaji je?

Hapo sasa ndipo ugomvi ulipo. Na ili tusibishane hewani, twende na Watanzania watatu waliopita mikononi mwa serikali ile ile ya Marekani, katika mapambano yale yale na kundi la al-Qaeda.

Wa kwanza: aliyepelekwa mahakamani moja kwa moja

Khalfan Khamis Mohamed, mzaliwa wa Zanzibar, alishiriki kuandaa bomu la Dar es Salaam. Baada ya mlipuko alikimbilia Afrika Kusini, akaishi Cape Town kwa jina la uongo huku akifanya kazi mgahawani. Oktoba 1999 akakamatwa, na ndani ya siku chache akakabidhiwa kwa makachero wa FBI na kupandishwa ndege kwenda New York.

Kesi ikaanza huko. Lakini Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikasema kitu ambacho kila mwanafunzi wa sheria Afrika angepaswa kukijua: serikali ya Afrika Kusini ilivunja Katiba kwa kumtoa mtu huyu bila kwanza kupata ahadi kwamba hatanyongwa. Majaji wakaagiza hukumu yao ipelekwe kwa mahakama ya New York. Fikiria hilo. Mtuhumiwa wa mauaji ya watu 11, mgeni aliyeingia nchini kwa jina bandia, na bado mahakama ya Kiafrika ikasema: huyu naye ana haki, na mliomtoa mlikosea.

Je, aliachiwa? Hapana. Alitiwa hatiani. Raia waliokaa kama waamuzi, wale ambao Wamarekani huwaita juri, hawakukubaliana kuhusu adhabu ya kifo, hivyo akapewa kifungo cha maisha. Adhabu ilitolewa 18 Oktoba 2001, wiki tano tu baada ya mashambulizi ya Septemba 11, katika jengo la mahakama lisilo mbali na kifusi cha yale maghorofa pacha. Jiji lilikuwa bado linazika watu wake. Mahakama ilifanya kazi siku hiyo kama siku nyingine.

Wa pili: aliyefichwa kwanza, akashtakiwa baadaye

Ahmed Khalfan Ghailani, naye mzaliwa wa Zanzibar, alituhumiwa kwa tukio lile lile. Alikamatwa Pakistan Julai 2004. Lakini kufikia wakati huo Marekani ilishabadilika. Badala ya kupelekwa New York kama mwenzake, akaingizwa kwenye magereza ya siri ya CIA, kisha Septemba 2006 akahamishiwa Guantanamo. Mahakama ya kawaida aliiona Juni 2009. Miaka mitano.

Kesi yake iliposikilizwa mwaka 2010, waendesha mashtaka walitaka kumleta shahidi muhimu, Mtanzania ambaye angesema ndiye aliyemuuzia Ghailani milipuko. Jaji Lewis Kaplan akamkataa. Kwa nini? Kwa sababu serikali ilimpata shahidi huyo kupitia maneno ya Ghailani akiwa mikononi mwa CIA, na upande wa mashtaka wenyewe haukutaka kubishana kuhusu yaliyompata kule ndani. Walimwambia jaji achukulie tu kwamba maneno yale yalitoka kwa kushurutishwa.

Mwisho wa kesi, kati ya makosa 285 Ghailani alikutwa na hatia kwenye kosa moja, la kula njama kuharibu majengo ya serikali. Kwa hilo moja akapewa kifungo cha maisha Januari 2011.

Wanasiasa wengi wa Marekani walipiga kelele: "Mnaona? Mahakama za kawaida haziwezi magaidi!" Mimi nasoma kesi hiyo hiyo kinyume kabisa. Shahidi hakuuawa na mahakama. Aliuawa kisheria na gereza la siri. Mtu akihojiwa kwa utaratibu, wakili wake akiwepo, ushahidi wake unasimama. Ukimpeleka gizani ukamvunja, kila atakachokutajia kinanuka, na siku ukikihitaji mbele ya jaji hakifai. Waliofiwa Dar na Nairobi walistahili kesi isiyo na doa. Waliowanyima kesi hiyo ni watu wa usalama, kwa mikono yao wenyewe.

Na siri zilizokuwemo kwenye kesi ile hazikumwagika. Marekani ina sheria ya mwaka 1980 inayoeleza namna ya kutumia nyaraka za siri katika kesi ya jinai. Jaji anazisoma faraghani. Anaweza kuruhusu muhtasari utumike badala ya nyaraka nzima. Mawakili wa utetezi wanachunguzwa na kupewa kibali ndipo wazione. Yaani njia ipo, na imetumika miaka mingi.

Linganisha na Guantanamo. Watuhumiwa wakuu wa Septemba 11 walisomewa mashtaka mbele ya tume ya kijeshi Mei 2012. Hadi naandika haya kesi yenyewe haijaanza kusikilizwa. Mabishano makubwa kwa miaka yote hiyo yamekuwa juu ya kile walichofanyiwa kwenye magereza ya siri. Familia za watu karibu 3,000 zinasubiri.

Wa tatu: aliyerudishwa na karatasi

Huyu ndiye anayeninyima usingizi. Suleiman Abdallah Salim, mvuvi na mfanyabiashara mdogo, Mtanzania. Machi 2003 alitekwa Mogadishu na watu wa mbabe wa kivita mmoja wa Kisomali. Akapelekwa Nairobi, akapitishwa Djibouti, akaishia Afghanistan kwenye gereza la CIA ambalo ndani yake lilikuwa giza totoro saa zote, muziki ukipigwa kwa sauti ya kupasua masikio. Alimwagiwa maji ya baridi, alibamizwa ukutani, alifungiwa ndani ya sanduku, alifungwa minyororo katika mikao isiyomruhusu kulala.

Alikaa mikononi mwa Wamarekani zaidi ya miaka mitano. Hakushtakiwa kwa kosa lolote. Agosti 2008 wakamwachia na kumpa karatasi inayosema kwamba hana hatari yoyote kwa Marekani. Basi. Karatasi.

Jiulize: ingechukua muda gani jaji kugundua kwamba ushahidi haupo? Wiki moja? Mwezi? Ilichukua miaka mitano kwa sababu wenye siri ndio waliokuwa wachunguzi, ndio waliokuwa mashahidi, ndio waliokuwa mahakimu. Hakuna mtu wa nje aliyekuwa na mamlaka ya kusema, "Hebu leteni hilo faili nilione."

Desemba 2014 Seneti ya Marekani ilitoa muhtasari wa uchunguzi wake juu ya magereza hayo. Watu 119 walipitia humo. Angalau 26 kati yao hawakutakiwa kushikiliwa hata kwa vigezo vya CIA wenyewe. Kampuni ya wanasaikolojia wawili walioubuni mpango ule ilikuwa imelipwa dola milioni 81. Jina la Salim lilikuwemo kwenye orodha ya waliopita humo, na kwa msingi wa yale yaliyowekwa wazi yeye na wenzake wakawashtaki wanasaikolojia hao mwaka 2015. Kesi kama hiyo zilizotangulia zilikuwa zikifutwa mara tu serikali inapotamka "siri ya taifa". Hii ilisonga mbele hadi Agosti 2017, wiki chache kabla ya kusikilizwa, upande wa pili ukakubali kumalizana nje ya mahakama.

Siri zilipofunguliwa, Marekani haikuanguka. Waliopata shida ni waliokuwa wamejificha nyuma yake.

Siri hupenda kuficha uzembe

Huko Marekani neno hilo "siri ya taifa" lina hadithi yake. Mwaka 1948 ndege ya jeshi aina ya B-29 ilianguka katika jimbo la Georgia. Ndani walikuwemo raia waliokuwa wakifanya majaribio ya vifaa. Wajane watatu wakaishtaki serikali, wakaomba taarifa ya uchunguzi wa ajali. Jeshi la anga likakataa: ni siri. Mwaka 1953 Mahakama ya Juu ikakubaliana na jeshi, na majaji hawakuifungua hata hiyo taarifa kuisoma. Kesi hiyo, ya Reynolds, ndiyo msingi wa kila "siri ya taifa" iliyofuata.

Karibu miaka 50 baadaye taarifa ikapatikana, ikiwa haijafungwa tena kwa siri. Binti wa mmoja wa marehemu ndiye aliyeiona. Ilieleza matengenezo yaliyopuuzwa: marekebisho ya kuzuia injini isishike moto yalikuwa yameagizwa, hayakufanyika. Siri waliyoilinda sana ilikuwa uzembe wao.

Ndiyo maana nasema jaji asome. Simwamini jaji kama malaika. Ila mtu anayejua kwamba faili lake litasomwa na mtu mwingine, asiye bosi wake wala rafiki yake, huliandika vizuri zaidi, na hafungi mtu kwa hisia.

Hata mateka wa vita ana kadi

Wale wanaosema "vita ni vita" naona hawajasoma sheria za vita. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949, Ibara ya 70, unasema askari aliyetekwa lazima aruhusiwe kuandika kadi kwa familia yake na kwa wakala mkuu wa mateka, si zaidi ya wiki moja baada ya kufika kambini. Kadi hiyo inaeleza kwamba ametekwa, anuani yake, na hali ya afya yake. Huyo ni askari wa adui. Jana alikuwa anakupiga risasi. Na bado mama yake ana haki ya kujua kwamba yuko hai.

Ninapoifikiria kadi hiyo namkumbuka mama mmoja wa mtaani kwetu. Mwaka juzi kijana wake, fundi pikipiki, alichukuliwa jioni na watu waliokuja na gari lenye vioo vyeusi. Walisema ni wa usalama, hawakuonyesha kitambulisho. Mama alizunguka vituo vitatu na hotpoti ya chakula. Kila kituo: "Hatuna mtu huyo." Siku ya sita nilimkuta amekaa kibarazani, akaniambia maneno ambayo sijayakuta kwenye kitabu chochote cha sheria: "Mwanangu, angekufa ningeweka matanga. Angefungwa ningempelekea chakula. Sasa nifanye nini?"

Kijana alirudi siku ya kumi na moja, ametelekezwa barabarani usiku. Aliambiwa jina lake lilifanana na la mtu mwingine. Hakuna aliyeandika popote kwamba alishikiliwa, kwa hiyo hakuna wa kumdai. Yeye alibahatika. Ben Saanane ametoweka tangu 2016, na mwandishi Azory Gwanda tangu 2017, na familia zao hazijui walipo hadi leo. Mateka wa vita ana kadi. Mtanzania wa wakati wa amani hana.

Turudi nyumbani kwenye vitabu

Sheria yetu ya Kuzuia Ugaidi ilitungwa mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya Septemba 11, wakati dunia nzima ilikuwa inatunga sheria za aina hiyo kwa shinikizo la Umoja wa Mataifa na la Marekani. Ugaidi hauna dhamana kwa Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema zuio hilo la dhamana linakiuka Katiba. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaupindua uamuzi huo katika kesi ya Dickson Sanga. Kwa hiyo leo mtu akiandikiwa neno "ugaidi" kwenye hati ya mashtaka, anaingia mahabusu na haijulikani atatoka lini.

Masheikh wa Uamsho kutoka Zanzibar walifunguliwa kesi ya ugaidi Dar es Salaam mwaka 2014. Juni 2021 DPP akaondoa mashtaka. Hakuna hukumu ya hatia, hakuna hukumu ya kutokuwa na hatia. Kama walitenda, wananchi hatujaonyeshwa ushahidi. Kama hawakutenda, nani atawarudishia miaka saba? Freeman Mbowe alikamatwa Julai 2021, akashtakiwa kwa ugaidi. Mahakama iliona ana kesi ya kujibu. Ilipofika zamu yake kujitetea, tarehe 4 Machi 2022, DPP akasema hana nia ya kuendelea. Ugaidi wa kweli unaachwaje njiani namna hiyo?

Na kumbuka, sisi hatuko vitani. Katiba yetu, Ibara ya 31, inaruhusu hatua za pekee kwa usalama wa taifa, lakini inaziwekea mpaka: zisizidi kile kilicho cha lazima na halali kwa hali iliyopo. Ibara ya 32 inaeleza jinsi Rais anavyotangaza hali ya hatari na jinsi Bunge linavyohusika. Kwetu tangazo halijatoka, Bunge halijaitwa, lakini lugha ya vita inatumika kila siku. Tunaishi na makali ya vita bila kinga za vita.

Hata wenye vita yao walilazimika kurudi kwenye mstari. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Hamdi, ilisema raia anayeshikiliwa kama mpiganaji lazima aelezwe sababu na apewe nafasi ya kuzipinga mbele ya mwamuzi asiyeegemea upande. Mwaka 2008, kesi ya Boumediene, ikasema hata wageni walioko Guantanamo wana haki ya habeas corpus, yaani kumwambia jaji: waagize walete mwili wangu hapa na waseme kwa nini wameushika. Majirani zetu Kenya, mwaka 2014, walipitisha marekebisho makali ya sheria za usalama wakati al-Shabaab wanaua watu kweli kweli. Muungano wa upinzani wa CORD ukaenda mahakamani, na Februari 2015 vifungu vinane vikafutwa. Kenya iliendelea kupambana na al-Shabaab.

Tudai nini basi?

Napendekeza mambo manne, na naomba jumuiya yetu iyabebe.

Moja, rejista. Kila anayekamatwa, kwa kosa lolote, jina lake liandikwe ndani ya saa 24 na ndugu zake waambiwe alipo. Sababu za kina zinaweza kubaki siri kwa muda. Mahali alipo mtu haiwezi kuwa siri kwa mama yake.

Mbili, jaji asome. Serikali ikisema "hili ni siri ya taifa", ipeleke nyaraka kwa jaji faraghani. Asipoziona, asikubali. Tusirudie kosa la Reynolds.

Tatu, wakili maalumu. Canada, baada ya Mahakama yao ya Juu kubatilisha mwaka 2007 utaratibu wa kuwashikilia wageni kwa ushahidi wa siri, Bunge lao liliweka mawakili waliopewa kibali cha usalama wa kuona nyaraka hizo na kumtetea anayeshikiliwa. Si dawa kamili, kwa sababu wakili huyo akishaona nyaraka hawezi kuzungumza kwa uhuru na mtu anayemtetea. Lakini ni bora kuliko kiti kitupu.

Nne, ukomo. Kesi ya ugaidi iwe na muda. Upelelezi usipokamilika, mtu apate dhamana kwa masharti magumu. Miaka saba ya "upelelezi unaendelea" ni kifungo ambacho hakuna jaji aliyekitoa.

Na sisi tujitazame

Sasa neno kwa upande wetu, najua litawaudhi baadhi ya makamanda. Mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya uhuru, Tanganyika ilitunga Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini. Rais aliweza kumfunga mtu bila kesi, na amri yake haikuhojiwa mahakamani. Waliotunga sheria hiyo ndio waliopigania uhuru dhidi ya mkoloni. Hawakuwa mashetani. Waliamini nchi changa ina maadui, na kwamba wao ni watu wema wasioweza kuitumia vibaya. Miaka 30 baadaye Tume ya Nyalali iliiweka kwenye orodha ya sheria 40 kandamizi.

Sisi tunaopinga leo, tukipewa dola kesho, tutakabidhiwa funguo zile zile za vyumba vile vile. Tutaambiwa na watu wale wale, "Mheshimiwa, huyu ni hatari, tusimpeleke mahakamani kwanza." Kama leo tunapaza sauti kwa viongozi wetu tu, kesho tutawafunga wa wenzetu. Jiulize kwa ukweli: masheikh walipokuwa ndani, wangapi kati yetu tuliandika hata mstari mmoja? Mimi nilikuwa mdogo, lakini nimepekua kurasa zetu za miaka ile. Kimya ni kingi.

Kwa hiyo, kaka yangu wa darasani, nakujibu sasa. Siku bomu likilipuka Kariakoo, Mungu apishe mbali, sitawasomea marehemu Ibara ya 13. Nitakwenda kuchangia damu Muhimbili kama wewe. Lakini siku ya pili watakapokamata watu 40, na kati yao yumo aliyetega bomu, na wamo fundi pikipiki na mvuvi ambao majina yao yamefanana na ya wengine, nitataka awepo mtu mmoja mwenye joho na mamlaka ya kusema, "Leteni mafaili niyaone." Nitalitaka hilo kwa ajili ya yule mvuvi. Nitalitaka pia kwa ajili ya marehemu, ili aliyewaua asipate mwanya wa kuponea, na wala asifungwe mwingine kwa niaba yake.

Naomba kuwasilisha.

*Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu, na mwanachama wa jumuiya ya vijana.*